Drone iko hewani, telefone imegoma: jambo ambalo wapiga picha wa Kivu wanapashwa kujua

Siku hizi, kwa familia zenye uwezo kidogo, arusi ya Goma ao ya Bukavu bila picha za juu inaonekana kama haikukamilika. Mpiga picha anakuja na drone ndogo ndani ya sakoshi, anafunga telefone yake kwenye telekomandi, na dakika mbili kiisha drone iko juu ya miti. Halafu, katikati ya kazi, kioo kinakuwa cheusi. Telefone imegoma. Drone iko mita 80 juu, na mwenye kuiongoza hajui tena inatazama wapi.

Fasi zingine hiyo ni hasara ya dola tu. Huku mashariki ni jambo lingine. Mwezi wa pili 2024, FARDC ilisema kwamba drone zilishambulia uwanja wa ndege wa Goma. Tangu hapo, na zaidi tangu M23 iingie Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, mlio wa drone unaogopesha watu. Askari mwenye kuiona ikipita juu ya kambi yake hawezi kujua kama ni ya arusi ao ya adui. Hata mwenyewe akija na kueleza, nani atamwamini haraka? Njo maana telefone inayokwama si shida ya mafundi peke yao.

Tuchukue drone inayojulikana sana, DJI Mini 2, ambayo ilitoka 2020 na ina uzito wa gramu 249. Video nzuri, ile ya 4K ambayo bibi arusi ataangalia, inaandikwa kwenye karte memwari iliyo ndani ya drone yenyewe. Telefone inapokea video ingine, ndogo zaidi, inayotumwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye telekomandi. Hata kama ni ndogo, inapashwa kufunguliwa na kuonyeshwa picha 30 kila sekunde. Wakati huohuo telefone inachora ramani, inahesabu umbali, inafuata batiri ya drone, na kioo chake kimewashwa hadi mwisho kwa sababu ya jua. Juu ya hayo yote, telekomandi inaichaji. Joto linatoka ndani, linatoka kwenye chaji, linatoka juani.

Telefone ikipata moto sana inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiharibike. Hapo video inaanza kukatika, kiisha inachelewa, mwishoni aplikasiyo inajifunga. Mtu wa Bukavu anaweza kukaa miezi bila kuona shida hiyo. Akishuka Uvira ao Kalemie saa saba ya mchana, ataiona siku ya kwanza.

Kuchelewa kwa picha njo kubaya kuliko kuzimika, juu kunadanganya. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, picha ikichelewa sekunde mbili tu, drone imekwisha kupita mita 20 mbele ya fasi inayoonekana kwenye kioo. Katika mtaa wenye waya za umeme, mita 20 ni nyingi.

Tena kuna swali la aina ya telefone. Zile za bei ndogo zinazouzwa sana kwetu, zenye RAM ya giga 2 ao 3, zinatosha kwa WhatsApp na kwa redio. Kwa kazi hii hazitoshi. Matoleo mapya ya aplikasiyo ya DJI Fly hayakubali telefone zenye sistemu ya zamani ya biti 32. Kwa telefone za Android, aplikasiyo hiyo haipatikani hata kwenye Google Play. Inapashwa kuchukuliwa kwenye saiti ya kampuni, na inakula mega nyingi. Matokeo yake, vijana wanatumiana faili mkono kwa mkono, bila kujua kama ni toleo lililochakaa ao faili iliyochezewa. Kuokoa mega za dola moja na kuhatarisha aparei ya dola mamia, hesabu hiyo haisimami.

Wengi hawajui jambo moja ambalo lingeondoa hofu nyingi. Kwa drone zenye telekomandi, telefone ikizimika drone haianguki. Telekomandi inaendelea kuzungumza nayo. Vijiti vinafanya kazi, na kitufe cha kuirudisha nyumbani kinafanya kazi vilevile. Anayechomoa betri ya telekomandi ao kuizima akitumaini kuanza upya, ni yeye anayekata kamba ya mwisho. Zile drone za kuchezea ambazo telefone yenyewe njo telekomandi kupitia Wi-Fi, hizo ni hadisi ingine: telefone ikikufa, uongozi wote umekufa.

Lakini kitufe cha kurudi kinategemea GPS, na hapa Kivu inaingia tena katika hesabu. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba GPS inavurugwa katika Kivu ya Kaskazini, hadi ndege za misaada zikasumbuliwa. Drone ndogo isiyopata GPS haiwezi kujua nyumbani ni wapi, na angani inasukumwa na upepo. Basi mpiga picha akilaumu telefone yake kila mara, pengine anailaumu bure: alama za sateliti kwenye kioo njo za kuangalia kwanza, mbele ya kuruka.

Mambo ya kufanya si ya gharama. Kuweka telefone katika hali ya ndege, kufunga aplikasiyo zingine, kuondoa kava, kuikinga na jua kwa kipande cha kartoni, kuzima ile chaguo ya kuhifadhi nakala ya video ndani ya telefone, kuingia kazini na batiri iliyojaa ili chaji isiongeze joto. Na drone ibaki karibu kiasi cha kuonekana kwa macho, ili kioo kikizimika, macho yachukue kazi.

Ruhusa ya wakubwa wa fasi, hiyo inatafutwa mbele ya arusi, kwa maandishi. Karatasi hiyo inakaa mfukoni, si ndani ya telefone.