Picha moja kwa siku, mwaka mzima

Vijana wanaotafuta marafiki wa kalamu tangu zamani wametaja uraibu wao kwa mpango ule ule: kusoma, kusikiliza muziki, kupiga picha. Lakini ukiuliza picha zenyewe ziko wapi, utaonyeshwa za harusi, za Krismasi na za siku ya kufunga shule. Kati ya sikukuu moja na nyingine, kamera ililala kabatini. Leo nataka tuzungumzie uraibu wenye ahadi: picha moja kila siku, kwa mwaka mzima.

Zamani ahadi kama hiyo ilihitaji mfuko mzito. Mkanda wa filamu ulitoa picha 36, kwa hivyo siku 365 zilimaliza mikanda kumi na bado zikadai picha tano, mbali na gharama ya kuzisafisha studioni. Siku hizi simu ya mkononi imetuondolea kisingizio hicho. Kilichobaki ni moyo wa kudumu, na huo hauuzwi dukani.

Kuna mtu aliyekuwa na moyo huo. Tarehe 31 Machi 1979, kijana Mmarekani aitwaye Jamie Livingston, mkazi wa New York, alianza kupiga picha moja kwa siku kwa kamera ya Polaroid, ile iliyotoa picha papo hapo. Nyingi zilikuwa za mambo ya kawaida: marafiki mezani, chumba, barabara. Aliendelea hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyotimiza umri wa miaka 41, na ndiyo siku aliyofariki kwa saratani. Aliacha picha zaidi ya 6,000. Ukizifuata moja baada ya nyingine unaona ugonjwa ukiingia, na unaona akifunga ndoa katika mwezi ule ule wa mwisho wa maisha yake. Alipoanza hakujua hadithi ingeelekea wapi. Angengoja siku yenye jambo kubwa, hadithi hiyo isingekuwapo.

Sasa tuje kwetu. Tuseme unasoma Voi au Nairobi, na nyumbani kwenu ni Kishushe, huko Taita Taveta, ambako vilima vya Taita vinashuka kukutana na nyika ya Tsavo. Umefunga shule, umerudi, nami nakwambia piga picha kila siku. Najua jibu lako: “Kishushe kuna nini cha kupiga?”

Kuna mengi, ila hayaonekani kwa siku moja. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, ukasimama kama mti uliokufa, kisha mvua zikikaribia unachipuka. Nani nyumbani kwenu anayeweza kukutajia siku ulipochipuka mwaka jana? Kishushe pia ina madini ya chuma, na mlima ukishachimbwa haurudi kuwa ulivyokuwa. Halafu kuna ukame. Mwaka wa 2022, Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lilieleza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Hesabu hiyo ya taifa tunayo. Lakini bwawa la kunyweshea mifugo kijijini kwenu lilikauka siku gani, na maji yalirudi lini? Jibu lingekuwa kwenye picha zako.

Kubwa kuliko yote ni watu. Msiba ukitokea, jamaa hupekua masanduku wakitafuta picha ya marehemu ya kutia gazetini, na mara nyingi inayopatikana ni ile ya kitambulisho. Nyanya aliyelea watoto na wajukuu anaagwa kwa picha aliyopigwa ofisini, amekaza uso. Yuko wapi akipepeta mahindi? Yuko wapi akicheka? Hakuna aliyempiga, kwa sababu siku hizo zote zilionekana za kawaida.

Ukikubali kuanza, shika haya machache.

Kwanza, chagua saa. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati, maana jua letu huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Mwenzako aliye London hulipata kabla ya saa kumi na moja alfajiri mwezi Juni, na baada ya saa mbili asubuhi mwezi Desemba. Wewe ukisimama mlangoni saa moja asubuhi kila siku, mwanga wa pembeni utakupokea.

Pili, chagua mahali pamoja pa kurudia, kama vile mti, njia ya kisimani au kiti cha babu. Ukikosa la kupiga, piga hapo. Siku hizo za kukosa ndizo zitakazoonyesha mabadiliko.

Tatu, kila jioni chagua moja tu na uandike daftarini tarehe, mahali na jina. Picha isiyo na jina huwa ya mtu asiyejulikana baada ya miaka ishirini.

Nne, ukiruka siku, usipige mbili kesho yake ili kuziba pengo. Liache lionekane, kisha uendelee. Wengi huacha kwa aibu ya siku moja.

Tano, kuwa na adabu. Omba ruhusa kwa mtu mzima, na kwa mzazi ikiwa ni mtoto. Machimboni usiingie bila idhini. Ndovu akionekana shambani, rudi nyuma. Hakuna picha inayolingana na uhai wako.

Mwisho, simu huibwa na huanguka majini. Weka nakala mahali pengine, na kila mwezi safisha picha moja ya karatasi uitie kwenye albamu. Mwaka ukiisha utakuwa na kumi na mbili za kumwekea nyanya mapajani, naye atakuambia mambo ambayo wewe uliyezipiga hukuyaona.

Haba na haba hujaza kibaba. Usingoje Januari, leo ni siku kama nyingine, na jua bado halijatua.