Walimlenga Mpango wa Kando, Wakampata Mama Watoto

Novemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipotia saini marekebisho ya Sheria ya Urithi, wengi walishangilia kwamba mipango ya kando imekomeshwa. Mswada ulikuwa wa Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini. Kwa maoni yangu aliyekomeshwa ni mwanamke mwingine kabisa: yule wa Gatwekera, Kibera, au wa Kawangware, aliyekaa na mwanamume miaka kumi na mitano, akamzalia, wakachanga hadi wakajenga vyumba vya mabati vya kukodisha, na siku ya kwenda kwa msajili wa ndoa haikufika.

Kisheria sasa, mume au mke ni yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 2014. Sheria hiyo inatambua ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya Kihindu, ya Kiislamu na ya kimila. Njoo-tukae, yaani kuishi pamoja bila kufunga ndoa, haimo.

Wanaoyatetea marekebisho wanasema yanamlinda mke halali dhidi ya mgeni anayeibuka matangani akiwa na mtoto mgongoni. Wanaongeza kuwa haki ya watoto kurithi haikuguswa. Ni kweli, na tuwakubalie hayo.

Lakini thibitisho la ndoa litatoka wapi, na nani atalipokea? Mtu akifa bila wosia, safari ya mahakamani huanza na barua ya chifu inayotaja warithi. Ndipo ombi huwasilishwa, tangazo hutoka katika gazeti rasmi la serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, msimamizi wa mirathi huteuliwa, na kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya mgao kuthibitishwa. Jina lako likikosekana kwenye barua ile ya kwanza, unaingia kortini kama mpinzani wa nyumba yako mwenyewe.

Mjane akifika kwa chifu mtaani huulizwa, "Mama, cheti cha ndoa kiko wapi?" Hana. Basi anaambiwa marehemu alikuwa mtu wa Siaya au Kakamega, barua ikatafutwe nyumbani. Huko nyumbani wanaojulikana ni shemeji zake. Ajabu ni kwamba kifungu cha 46 cha Sheria hiyo hiyo ya Urithi kinamtaja chifu wa mahali marehemu alipoishi mwisho, na kinamtaka ailinde mali iliyopo ikiwa mwezi umepita bila mtu kwenda mahakamani. Badala yake, kufuli zimebadilishwa na wapangaji wameambiwa kodi walipe kwa shemeji. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 45: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shilingi elfu kumi! Vyumba vichache vya Kawangware vinairudisha kwa kodi ya mwezi mmoja.

Zamani mlango wa ndoa ya kudhaniwa, yaani korti kuwahesabu walioishi pamoja kuwa mume na mke, ulikuwa wazi zaidi. Mwaka 1976, katika kesi ya Yawe, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilimtambua kama mjane mwanamke aliyeishi na rubani Mganda hapa Nairobi kwa takriban miaka 9. Mnamo Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya nyumba ya Dagoretti. Mwanamume alidai ndoa, mwanamke akakana, ingawa walikuwa wamekaa pamoja zaidi ya miaka 20. Majaji walisema ndoa ya kudhaniwa ingalipo, ila kwa masharti magumu, na anayedai ndiye athibitishe. Ndoa ilikataliwa, mwanamke akapata asilimia 70 ya mali na mwanamume 30. Hao wawili walikuwa hai, kila mmoja akijisemea. Shahidi mkuu wa mjane wa Kibera yuko kaburini.

Majaji hao hao waliwahimiza wabunge na Mwanasheria Mkuu wafikirie sheria ya watu wanaoishi pamoja bila ndoa. Wabunge waliojua haraka nani si mke wangeonyesha haraka hiyo hiyo hapa.

Nawe baba mwenye vyumba, usiwangoje. Wosia hauulizi cheti cha ndoa. (Waislamu wana utaratibu wao kwa Kadhi.) Uandike ukiwa na akili timamu, mtaje mama watoto kwa jina lake kamili, taja kila chumba, utie saini mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote humo, nao watie saini zao. Ukiusema kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, utafaa tu iwapo utafariki ndani ya miezi mitatu.