Ndaga Fijo kwa Waliotuonyesha Maji Yanakoanguka



Wiki hii tumefunga daftari la kwanza la maporomoko ya maji ya kijiji chetu na vijiji jirani. Ni daftari la kawaida la kurasa 96, la kununua dukani, na jalada lake limekwisha kuloa mara mbili. Ndani yake yameandikwa maporomoko 9. Kila moja lina jina lake, jina la mto, urefu kwa mita, njia ya kufikia, na jina la mtu aliyetuonyesha. Hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulisema leo. Kuna ndugu waliosimama mkutanoni wakauliza, kwa nini kila ukurasa una jina la mtu? Eti maporomoko ni ya Mungu, siyo ya fulani.

Ni kweli, ni ya Mungu. Lakini njia ya kwenda kule tulionyeshwa na watu, tena watu wa hapa hapa, na wengine wao hawajapata kushukuriwa hadharani kwa jambo lo lote tangu wazaliwe. Tumezoea shukrani zinazoanzia kwa mgeni rasmi na kuishia kwa mwenye kipaza sauti. Leo tunaanzia kwa waliobeba panga.

Wa kwanza ni mzee wetu mmoja wa kitongoji cha juu. Umri wake ni zaidi ya miaka 80, magoti yanamsumbua, lakini alipopata habari kwamba tunatafuta maporomoko alituma mjukuu kutuambia tusiende bila yeye. Tulikwenda naye mwendo wa konokono. Kila mahali alisimama akataja: hapa palikuwa na mti fulani, hapa alizama ndama, hapa maji yalikuwa yanapita zamani kabla genge halijaanguka. Vijana waliudhika kwa kuchelewa. Sisi tuliandika. Tuliporudi nyumbani tukakuta kwamba kile tulichokiona sisi kilijaa nusu ukurasa, na kile alichokisema yeye kilijaa kurasa 6.

Wa pili ni mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, aliyeleta maarifa ya kamba. Tulichukua kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, tukaipima kwa futi ya seremala, kila mita moja tukapiga fundo, kila mita ya tano tukafunga kitambaa chekundu, na mwishoni tukafunga jiwe. Mmoja anakaa juu, naye amefungwa kiunoni kwenye mti maana mawe yale yana utelezi, anateremsha jiwe polepole. Mwenzake yuko chini anaangalia jiwe likigusa maji. Basi taabu ikawa hapo. Maji yananguruma hata mtu akikupigia kelele sikioni unaona midomo tu. Siku ya kwanza tulipiga filimbi, bure. Ndipo mama mmoja, mwanachama wetu wa chai, alipofungua kanga aliyobebea mtoto, akaifunga kwenye mwanzi mrefu, akasema, "Jiwe likifika nitapepea." Mtoto akapokelewa na Katibu, akalia mpaka tulipomaliza. Tangu siku ile tumepima yote kwa kanga ya mama yule, na yeye alifika Jumamosi zote, majani yake akiwa amekwisha kuyachuma alfajiri.

Kamba ya katani ikiloa hufupika. Kwa hiyo kila tulipotoka mtoni tuliipima upya kabla ya kuandika. Mita tunazitetea mbele ya mtu ye yote, sentimita hatuzigombei. Na msishangae tukijisifu kidogo kwa hesabu hizi, maana sisi tulishika kalamu kwa mara ya kwanza tukiwa na miaka 43, tumekaa benchi moja na wajukuu wa wenzetu, na hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo kisomo kimetutuma nje ya darasa.

Tunawashukuru pia vijana wawili wa bodaboda waliopiga picha kwa simu zao, watoto wa darasa la tano waliobeba viazi na chai ya chupa, na yule ndugu aliyetukatalia kupita shambani kwake halafu kesho yake akaja mwenyewe kutuonyesha njia nzuri zaidi.

Sasa turudi kwenye majina. Wilaya yetu ya Rungwe ina maji mengi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Mvua hapa Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 umesimama juu yetu, na mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kwa haraka hadi Ziwa Nyasa. Maji ya namna hiyo yakikutana na mwamba wa volkano lazima yaanguke mahali. Lakini ukimwuliza mgeni atakutajia Kaporogwe, kule ambako mtu anaweza kusimama nyuma ya pazia la maji, na pengine Daraja la Mungu la mto Kiwira, ambalo si maporomoko bali ni mwamba wa volkano uliobaki kama daraja juu ya mto. Anayesoma vitabu vya watalii atakutajia na Malamba, Isabula na Kapiki. Basi, amemaliza. Mengine yote yanaitwa "kijito".

Na hata hayo yaliyoandikwa, yameandikwaje? Kinyakyusa chetu hakina R, lakini ramani zinasema Lufirio. Kaporogwe wengine wanaandika Kapologwe, kama wenyeji wanavyotamka. Ziwa Ngosi limeandikwa Ngozi mara nyingi hata mgeni anauliza ni ngozi ya mnyama gani. Ziwa Kisiba linaitwa pia Masoko, na mtu wa Dar es Salaam akisikia anatafuta mahali pa kununua nyanya. Haya tunacheka, lakini chanzo chake ni kimoja: aliyeandika hakumwuliza mwenye kujua, au alimwuliza akaandika alivyosikia yeye.

Kuna mfano mzuri hapa hapa kwetu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za mnyama anayeitwa kipunji. Hawakusema ni hadithi za wazee. Walimtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 dunia nzima ikatangaziwa kwamba amepatikana kima ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Mwaka 2006 akapewa jina la ukoo wake peke yake, Rungwecebus kipunji. Angalieni jina hilo: nusu ni mlima wetu, nusu ni neno letu, nalo sasa linasomwa Marekani na Uingereza. Tunawapa heko watafiti wale kwa kulihifadhi neno. Ila waliowaambia wanatajwa kwa jumla tu, "wawindaji". Hakuna anayeandika "mzungu fulani" akaishia hapo. Kwa nini mwindaji aitwe "mwindaji" akaishia hapo?

Tunalisema hili kwa uchungu kidogo, maana lilitupata. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mgeni mmoja na kamera, tukampa mzee mmoja wa kumwongoza. Walitembea siku nzima kwenye mvua. Baadaye tukaona picha za maporomoko yale kwenye karatasi nzuri ya rangi, chini yake pameandikwa kwamba yamegunduliwa na mgeni, na jina la poromoko ni jina ambalo hapa halijulikani. Mzee aliitazama karatasi ile muda mrefu. Hakuwa anajua kusoma, akatuomba tumsomee mahali penye jina lake. Tulisoma yote mara mbili. Mzee yule amekwisha kufariki. Katika daftari letu, ukurasa wa 1 ni poromoko lile, kwa jina alilolitaja yeye, na jina lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Kuna mtu mwingine tunayemshukuru, na hapa najua tutabishana. Bibi mmoja alikataa. Alituambia, "Lipo, lakini siwapeleki, na ninyi msiende." Ni mahali ambapo wazee walifanyia matambiko, na kwake bado ni mahali pa kuheshimiwa. Vijana walisema huo ni ushirikina, tupite usiku. Sisi tulikataa. Katika daftari ukurasa wake una maneno mawili tu, "Lipo. Haliingiwi," na jina la bibi. Hakuna njia wala kipimo. Mtu akikupa habari kwa sharti, sharti nalo ni sehemu ya habari. Tunamshukuru sawasawa na waliotupeleka, kwa sababu hakutudanganya, na angeweza kusema kwamba hakuna kitu kule.

Wapo wanaosema maporomoko hayaliwi. Afadhali tungehesabu miche ya parachichi. Ndugu zetu, Kalambo iko mkoa wa Rukwa, mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba karibu na maporomoko yale, upande wa Zambia, yalipatikana magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine na watu walioishi miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Yalitunzwa na unyevu. Hatusemi kwamba hapa kwetu kuna magogo. Tunasema asiyejua ana nini, hajui akilinde nini.

Na jambo la karibu zaidi ni hili. Katika daftari tumeweka safu ya kiangazi, tukawauliza wenyeji wa kila poromoko, mwezi wa Oktoba maji yanabaki kiasi gani, na zamani yalibaki kiasi gani? Mahali pawili tuliambiwa jibu moja: zamani wanawake walikuwa hawavuki kwa miguu mwezi huo, sasa wanavuka na nguo haziloi. Tukatazama juu ya mto. Migomba na mikaratusi imeshuka mpaka maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa kamba yetu tulipima mahali pamoja tukapata mita 7. Hatutaji shamba la nani, maana mwenyewe ni mwanachama mwenzetu, anasoma hapa sasa hivi, na ametuahidi kung'oa mikaratusi baada ya mavuno. Tutarudi na kamba.

Ndiyo maana tunataka majina ya watu. Poromoko likiwa na mtu wake daftarini, mtu huyo akiona maji yamepungua atakuja ofisini kusema, "Lile langu linakauka." Lisilo na mtu litakauka na hakuna atakayeleta habari. Vile vile mgeni akija atakabidhiwa kwa mtu anayejua mawe ya kukanyaga na yasiyokanyagika, na posho itakwenda kwa aliyetembea, siyo kwa aliyekutwa kituoni amevaa viatu safi.

Basi, kwa ninyi nyote mliotajwa na msiotajwa hapa, ndaga fijo. Daftari limefungwa kwa kamba kwenye meza ya karani wa mizani, linasomwa saa za kazi, halichukuliwi nyumbani. Aliyekosewa jina lake au jina la mto wake aje asahihishe kwa penseli, halafu sisi tutapitisha wino. Penseli iliyokuwapo imeondoka Jumanne, aliyenayo airudishe. Bado kuna maporomoko 3 upande wa magharibi ambayo tumeyasikia tu, na Jumamosi ijayo tunaondoka saa 12 asubuhi kutoka hapa bandani. Mama mwenye kanga amekwisha kusema atakuja. Anatafutwa mtu wa kumshikia mtoto, maana Katibu ameshindwa.