Kambi zikifungwa Kigoma, nani atabaki na picha za uwanja wa pamoja?

KUFUNGWA kwa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, mkoani Kigoma, mwishoni mwa mwaka 2021 kuliacha swali lisilojibiwa na takwimu za waliorejea Burundi. Maisha ya pamoja ya kambi hizo yatakumbukwa kwa picha zipi, na zilizopigwa na nani?

Kambi hizo hazikuwa vituo vya kupita tu. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo kutoka Kivu Kusini. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Watu walizaliwa humo, wakasoma, wakaoana.

Uwanja wao mkuu ulikuwa soko la pamoja. Mwanakijiji alileta ndizi na maharage, mkimbizi akauza sehemu ya mgawo wake wa unga au mafuta. Kiha na Kirundi hukaribiana kiasi kwamba Muha na Mrundi hawakuhitaji mkalimani. Masoko hayo yalipofungwa na serikali kati ya mwaka 2018 na 2019, haikupotea biashara peke yake, bali pia mahali pa kufahamiana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwapo pia sinema. Shirika la FilmAid, lililozaliwa mwaka 1999 wakati wa vita vya Kosovo, lilionyesha filamu kambini jioni, umati ukiwa umekaa mahali pa wazi. Hata hivyo, kutazama filamu ni jambo moja, kuonekana ndani yake kama jamii ni jingine. Picha zilizozoeleka za kambi ni foleni ya chakula na mtoto mbele ya hema. Zinasaidia kuomba misaada, lakini humwonyesha mtu kama mpokeaji tu.

Ukraine imetoa mfano tofauti. Katika filamu ya "Maidan" ya mwaka 2014, Sergei Loznitsa aliiacha kamera itulie katika uwanja mkuu wa Kyiv. Haina shujaa mmoja. Wanaonekana watu wakipika, wakiimba na wakilindana. Mwaka 2020, Iryna Tsilyk alionyesha familia ya Donbas ikitengeneza filamu yake yenyewe kuhusu vita. Katika zote mbili, wanaoonekana ni watu wanaotenda, si waathirika tu.

Kufanya hivyo Kigoma si kazi nyepesi. Kuingia kambini na kamera kunahitaji kibali, na sura ya mkimbizi ikitambuliwa huenda ikamhatarisha arejeapo kwao. Lakini sauti, mikono kazini na viwanja vyenyewe vinaweza kurekodiwa bila kumfichua mtu, na wanavijiji wa Kibondo na Kasulu nao wana sehemu yao ya kusimulia.

Kinachopungua ni muda. Kambi ikishafungwa na watu kutawanyika, hata palipokuwa na soko patakuwa vigumu kupatambua.