Nyumba ya Kijijini Uingereza na Deni Lililofungamana na Ardhi

Msafiri aendaye kwa gari kutoka mji wa Birmingham kuelekea kusini hafiki mbali kabla ya kuingia katika vijiji vya Warwickshire, vilivyotawanyika baina ya mashamba ya ngano na malisho ya kondoo. Nyumba za huko ni za matofali mekundu, au za boriti nyeusi na kuta zilizopakwa chokaa, na katikati ya kila kijiji husimama kanisa la mawe. Haishangazi kwamba watu wa mijini, wapatapo watoto au wakaribiapo kustaafu, huitamani nyumba ya namna hiyo. Wengi huenda kuitazama siku ya Jumapili, mwezi wa Juni, jua likiwaka. Wangefanya vyema kurudi jioni ya Januari, wakati giza huingia kabla ya saa kumi na moja, basi la mwisho limekwisha kuondoka, na duka la karibu liko umbali wa maili kadhaa. Taarifa ya Dk. Richard Beeching ya mwaka 1963 ilipendekeza kufungwa kwa stesheni za reli zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za mashambani, na tangu hapo mwanakijiji asiye na gari ni mtu wa kuwategemea majirani.

Bei nayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tangu sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1947, mwenye ardhi hawezi kujenga juu yake mpaka apate kibali cha halmashauri. Na mwaka 1955 serikali ilizihimiza halmashauri kutenga maeneo ya kijani kuzunguka miji mikubwa, ili miji isimeze mashamba. Nia ilikuwa njema, na macho ya mpita njia yamefaidika. Walakini nyumba zimebaki chache na wanunuzi wamezidi, hata kijana aliyezaliwa kijijini mara nyingi hana uwezo wa kununua mlango wa jirani na wazazi wake.

Mnunuzi akishaipenda nyumba humwendea dalali. Yafaa akumbuke kwamba dalali hulipwa na muuzaji, hivyo maneno yake yasikilizwe kwa kiasi hicho. Bei hupatanwa, mikono hupeanwa, nayo nyumba huhesabiwa kuwa imeuzwa. Kwa kweli haijauzwa. Kwa sheria ya mwaka 1989, mapatano ya kuuza ardhi hayana nguvu ila yawe yameandikwa na kutiwa saini, na kabla ya mawakili wa pande mbili kubadilishana mikataba hupita majuma mengi, pengine miezi. Muda wote huo muuzaji aweza kupokea bei kubwa zaidi kutoka kwa mtu mwingine, na mnunuzi aweza kujitoa bila faini. Aliyekwisha kumlipa mkaguzi wa majengo na wakili hupata hasara isiyorudi. Ajabu ni kwamba taifa linalojisifia kutimiza ahadi limeacha jambo kubwa namna hii likining'inia hewani. Aidha, muuzaji kwa kawaida naye ananunua kwingine, na huyo wa kwingine vivyo hivyo, hata nyumba tano au sita zikashikamana kama mnyororo. Mmoja akikwama wote wamekwama. Mikataba ikishabadilishwa ndipo mnunuzi hulipa, kwa desturi, sehemu ya kumi ya bei, na akirudi nyuma baada ya hapo fedha hizo humpotea.

Ukaguzi ufanywao kwa ajili ya benki inayotoa mkopo huonyesha tu kama nyumba inatosha kuwa dhamana ya benki. Kwa hiyo mnunuzi wa nyumba ya kale hana budi kumwajiri mkaguzi wake mwenyewe, atazame unyevu wa kuta, boriti zilizoliwa na wadudu, na paa la nyasi, ambalo makampuni ya bima hulitoza zaidi kwa kuogopa moto. Vijiji vingi havina bomba la gesi, na nyumba hupashwa joto kwa mafuta yaletwayo kwa lori na kuwekwa katika tangi uani. Mahali pengine hapana bomba la maji machafu. Kila nyumba ina tangi lake ardhini. Tangu Januari 2020 tangi la namna hiyo haliruhusiwi kumwaga maji yake moja kwa moja mtoni au katika kijito, na kuweka jipya ni gharama ambayo yapasa kuzungumzwa kabla ya bei kukubaliwa.

Lakini yapo mambo ambayo mkaguzi hawezi kuyaona kwa macho. Katika kijiji cha Aston Cantlow, huko huko Warwickshire, lipo kanisa la kale ambalo wenyeji husimulia kwamba ndipo walipofunga ndoa wazazi wa Shakespeare. Ardhi ya kijiji ilipogawanywa mwaka 1743, kipande kimoja kilifungamanishwa na wajibu wa kukarabati sehemu ya madhabahu ya kanisa hilo. Karne mbili na nusu baadaye kipande hicho kilikuwa mali ya mume na mke waliokuwa na shamba hapo. Katika miaka ya 1990 baraza la kanisa liliwadai gharama za matengenezo, wakakataa. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki mwaka 2001, lakini mwaka 2003 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua kwamba deni ni lao. Hesabu ilipopigwa ilipita pauni 180,000, mbali na gharama za kesi. Hatimaye waliliuza shamba.

Kesi hiyo iliwatia hofu wanunuzi wa nchi nzima. Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya usajili wa ardhi mwaka 2002, na kwa utaratibu uliotokana nayo, tangu tarehe 13 Oktoba 2013 wajibu wa namna hii haumshiki mnunuzi mpya wa ardhi iliyosajiliwa iwapo haujaandikwa katika daftari la ardhi. Hata hivyo kinga hiyo ni ya aliyetoa fedha akanunua. Aliyerithi nyumba au kupewa na wazazi baada ya tarehe hiyo hakingwi nayo, na wajibu wa kale waweza kuandikwa dhidi yake maadamu nyumba haijauzwa. Ndiyo maana mawakili wa huko bado huulizia habari za kanisa la kijiji, hata kwa mteja asiyekanyaga kanisani, na wengine humshauri akate bima, ambayo hulipwa mara moja tu na kwa fedha kidogo.