Buibui anasingiziwa, mzio unasahauliwa

AFYA NA MALEZI
Na Jerono Barasa

Buibui wa nyumbani hana haja na damu ya mtoto. Chakula chake ni nzi, mbu na wadudu wengine, na meno ya aina nyingi za buibui ni mafupi mno kupenya ngozi ya binadamu. Huuma anapobanwa tu: mtoto anapotia mguu kwenye gambuti alimojificha, anapomlalia usiku, au anapomfinya kwa vidole akidhani ni mchezo. Hata hivyo, kuanzia vyumba vya mabati vya Langas na Huruma, Eldoret, hadi maboma ya wakulima wa mahindi huko Moiben na Ziwa, uvimbe wowote unaokutwa asubuhi kwenye mwili wa mtoto hupewa jina moja: ameumwa na buibui. Jina hilo lina madhara mawili. Huficha chanzo halisi cha kidonda, na huwashughulisha wazazi na kiumbe asiye na hatia huku hatari inayoweza kuua kwa dakika chache, yaani mzio mkali, ikipita bila kutambuliwa.

Kufikia mwaka 2022 wanasayansi walikuwa wameorodhesha zaidi ya aina 50,000 za buibui duniani. Wenye sumu ya kumdhuru binadamu ni wachache sana. Nchini Kenya anayestahili tahadhari ni buibui wa jamii ya Latrodectus, hasa yule wa kahawia mwenye doa la rangi ya chungwa chini ya tumbo, lenye umbo la pembetatu mbili zilizogusana ncha. Mfuko wake wa mayai ni rahisi kuutambua: ni kitufe cha rangi ya maziwa chenye vijimiba pande zote. Hupenda mahali pakavu pasipoguswa, kama vile chini ya viti vya plastiki, nyuma ya mlango wa choo cha shimo, kwenye rundo la kuni na kwenye ghala la mahindi. Akiuma, maumivu hubaki karibu na kidonda kwa watu wengi. Mtoto mchanga ni habari nyingine, kwa kuwa sumu ileile huenea katika mwili wa kilo chache. Akianza kutokwa na jasho jingi, kukakamaa tumbo au kulia mfululizo bila kubembelezeka, ni wa kupelekwa hospitalini.

Buibui mkubwa mwenye manyoya anayechimba shimo ardhini hutisha zaidi kwa sura kuliko kwa vitendo. Meno yake ni marefu na jeraha lake huuma sana, lakini yule wa Afrika hana yale manyoya ya kuwasha ambayo jamaa zake wa bara la Amerika huyarusha yakamwingia mtu machoni. Wapo hata buibui wenye faida kwa watoto. Kando ya Ziwa Victoria, watafiti katika kituo cha ICIPE huko Mbita walimchunguza buibui mdogo anayeruka, aitwaye Evarcha culicivora, ambaye humchagua mbu jike aliyeshiba damu na kumwacha mdudu mwingine. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005. Katika eneo lenye malaria, buibui wa namna hiyo si wa kukanyagwa.

Wataalamu wa buibui hupenda kutaja nyumba moja ya jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 2001 buibui 2,055 wa aina inayoogopwa kuliko zote katika eneo hilo walikusanywa humo kwa muda wa miezi sita. Familia iliyokuwa ikiishi nao kwa miaka haikuwa na mtu hata mmoja aliyeumwa. Ikiwa nyumba yenye maelfu ya buibui wa sumu haikutoa mgonjwa, basi buibui mmoja anayeonekana kwenye kona ya dari huko Kapsoya si ushahidi wa kutosha dhidi yake.

Wahusika halisi ni wengine. Vipele vitatu au vinne vilivyojipanga mstari kwenye shingo au mkono, vilivyojitokeza usiku, mara nyingi ni kazi ya kunguni. Vipele vilivyosongamana kuzunguka kifundo cha mguu ni vya viroboto, hasa palipo na mbwa au mbuzi wanaolala karibu na nyumba. Kope moja iliyofura hadi jicho likafumba, bila maumivu makali wala homa, mara nyingi ni mbu. Na kidonda chekundu, cha moto, chenye usaha katikati na kinachopanuka kila siku kwa kawaida ni jipu la bakteria aina ya Staphylococcus. Hilo halihitaji dawa ya sumu bali huhitaji kutumbuliwa na mhudumu wa afya, na pengine antibiotiki. Mzazi akishikilia kwamba ni buibui, jipu huachwa liive na kuenea.

Yupo pia nzi wa Nairobi, ambaye si nzi bali ni mbawakawa mwembamba mwenye mikanda myekundu na myeusi. Hang'ati wala hachomi. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya mwili, na humwagika anapopondwa juu ya ngozi. Alama huchukua siku moja au mbili kujitokeza: mstari mwekundu unaochoma, kana kwamba mtoto amepitishiwa waya wa moto. Akipondwa kwenye kikunjo cha kiwiko, alama hujichapa pande zote mbili. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, wadudu hawa waliwasumbua Wakenya wengi. Anayetua kwenye shavu la mtoto hupulizwa kwa pumzi, hapigwi kofi, na mahali alipopita huoshwa kwa sabuni na maji.

Mzio, au aleji kama wengi wanavyouita, ni suala tofauti na sumu. Sumu hudhuru kwa nguvu yake yenyewe. Mzio hutokea kinga ya mwili inapokichukulia kitu kidogo kama adui mkubwa. Neno la kitaalamu lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto kutoka Austria, na linatokana na Kigiriki likimaanisha mwitikio tofauti. Kwa watoto wadogo mwitikio huo una ngazi tatu, na kila ngazi ina tiba yake.

Ngazi ya kwanza ni uvimbe wa mahali palipoumwa. Tiba yake ni ya nyumbani: kuosha kwa sabuni na maji, kukanda kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji baridi kwa dakika kumi, kuuinua mguu au mkono uliofura, na kukata kucha za mtoto ili asijikune hadi kuingiza uchafu. Mwiba wa nyuki hutolewa mara moja kwa njia yoyote iliyo karibu, kwa kuwa unaendelea kusukuma sumu. Uharaka ni bora kuliko ustadi. Maumivu hutulizwa kwa paracetamol kulingana na uzito. Aspirini haipewi mtoto. Mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu, jiwe jeusi la nyoka na wembe wa kuchanjia havina kazi hapa, ila kuongeza kidonda juu ya kidonda.

Ngazi ya pili ni vipele vya muda mrefu vya watoto wa kati ya miaka miwili na saba hivi. Mwili ambao haujawazoea wadudu huendelea kuvitoa kwa wiki kadhaa, na kiroboto mmoja mpya akiuma leo, alama za mwezi uliopita huamka nazo zikaanza kuwasha upya. Dawa ya kupunguza mwasho kama cetirizine husaidia, lakini tiba hasa ni kumwondoa mdudu: kuanika godoro juani, kufua blanketi kwa maji moto, kuziba nyufa za mbao, kumtibu mbwa. Hapa pana hatari inayozidi ile ya kunguni. Katika kaunti ya ng'ombe wa maziwa kama Uasin Gishu, dawa ya kuogeshea mifugo haikosi bomani, na wapo wanaoinyunyiza kitandani. Dawa ya kupe hupenya ngozi ya mtoto na huvutwa kwa pumzi usiku kucha. Inaweza kumlaza wodini mtoto ambaye alikuwa na vipele tu.

Ngazi ya tatu ndiyo inayoua. Mwaka 1901 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walianza kuchunguza sumu ya viumbe wa baharini wakiwa katika meli ya mwanamfalme wa Monaco. Baadaye walishangaa kuona mbwa aliyevumilia sumu mara ya kwanza akifa kwa kiasi kidogo mno alipopewa tena. Mwaka 1902 waliiita hali hiyo anafilaksia, na mwaka 1913 Richet akapata Tuzo ya Nobel. Ugunduzi wao unaeleza kwa nini mtoto aliyechomwa na nyuki mwaka jana bila shida anaweza kuanguka mwaka huu. Buibui ni nadra sana kusababisha hali hii. Wanaoisababisha ni nyuki, nyigu, sisimizi wenye mwiba, baadhi ya dawa za sindano, na vyakula kama njugu, maziwa, mayai na samaki.

Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Ngozi hutoka mabaka yaliyoinuka yanayowasha mithili ya upupu, na midomo na kope hufura. Mtoto hukohoa ghafla, sauti ya kilio hukauka, kifua hutoa mlio wa filimbi. Wengine hutapika mara kwa mara. Asiyejua kusema huonyesha kwa mwili: hulegea mikononi mwa mama, hupauka, husinzia saa ambayo si ya usingizi. Wapo ambao ngozi yao haionyeshi chochote, kwa hiyo kukosekana kwa vipele hakumaanishi usalama.

Dawa ya kwanza ni adrenalini, na hakuna mbadala. Hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Kwa chupa ya kawaida yenye miligramu moja kwa mililita, mtoto wa kilo 15 hupata mililita 0.15, tone dogo lisilofika hata robo ya chupa. Hali isipobadilika, hurudiwa baada ya dakika tano. Piriton hupunguza mwasho lakini haifungui koo wala haipandishi shinikizo la damu, na kuingoja ifanye kazi ni kupoteza dakika zilizo muhimu kuliko zote. Mtoto hulazwa chali miguu ikiinuliwa, au huketishwa akiwa anahema kwa shida. Hasimamishwi wala hatembezwi hadi kwenye bodaboda. Dalili zikishapoa, bado hukaa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani zinaweza kurudi.

Eldoret, iliyopewa hati ya kuwa jiji Agosti 2024, haina uhaba wa jina katika tiba. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilianza mwaka 1917 ikiwa na vitanda 60, na leo ni ya ngazi ya sita, wakati hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa katika viwanja vyake mwaka 2015. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto aliyevamiwa na nyuki katika shule ya chekechea upande wa Turbo au Kesses, wakati wa mvua, njia ikiwa matope, hana nusu saa ya kusubiri gari la kwenda mjini. Adrenalini ni dawa ya zamani, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na haihitaji jokofu. Inataka tu kivuli na baridi ya kiasi, na mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari una baridi ya kutosha.

Kinachohitajika hakipaswi kusubiri Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazikabidhi kaunti zahanati pamoja na elimu ya chekechea. Kwa hiyo mlinzi wa mtoto darasani na mhudumu wake wa kwanza wa afya wako chini ya serikali moja, ile ya Uasin Gishu. Serikali hiyo inaweza kuagiza kwamba kila zahanati iwe na chupa za adrenalini ambazo muda wake haujapita, sindano ndogo zenye vipimo vya mililita moja, na jedwali la uzito na dozi lililobandikwa ukutani. Inaweza pia kutaka kila shule ya chekechea iwe na orodha ya watoto wenye mzio unaojulikana, mwalimu aliyefundishwa kuzitambua dalili, nambari ya zahanati iliyo karibu, na gari lililokubaliwa mapema.

Kwa mtoto ambaye ameshapata mzio mkali mara moja, kazi haiishi anaporuhusiwa kutoka wodini. Kijitabu chake cha kliniki huandikwa kwa herufi kubwa kilichomdhuru, na nakala hupelekwa kwa mwalimu, kwa yaya na kwa nyanya anayemlea wakati wa likizo. Mizinga huhamishwa mbali na uwanja wa kuchezea. Viatu hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, na kuni hupangwa nje ya nyumba. Buibui wa kona ya dari anaweza kuachwa aendelee na mbu wake.