MDHAMINI ANAFUNGWA KWA KOSA GANI?

Ndugu wafanya kazi,

Mwenzetu akihukumiwa, naye akakata rufaa, jamaa zake hutujia: "Ndugu, njoo utie sahihi, atoke." Nasi twatia sahihi, maana mtu hamwachi mwenziwe katika shida. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini huu wa kortini, ukiisha kuutwika, ni chuma cha reli.

Sikilizeni. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 357, yaruhusu aliyekata rufaa kutoka kwa dhamana. Asipofika, kifungu cha 131 chamgeukia mdhamini. Korti humwita alipe fedha zilizoandikwa katika hati, au aeleze kwa nini asilipe. Asipolipa wala kutoa sababu ya kutosha, vitu vyake hushikwa na kuuzwa. Visipotosha, aweza kutiwa jela mpaka miezi 6.

Miezi 6! Kwa kosa gani? Hakuiba, hakumpiga mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yakataza kumweka rumande mshtakiwa ambaye kosa lake adhabu yake haizidi miezi 6. Lakini mdhamini asiyeshtakiwa kwa lolote aweza kulala jela muda huo huo kwa kukosa fedha. Dereva akipita taa nyekundu, hufungwa mfagiaji wa stesheni?

Watajibu kwamba bila hofu hiyo watu watatoroka. Haya, mdhamini na adaiwe. Lakini kumsaka mtoro ni kazi ya polisi wenye magari na bunduki, si ya kibarua. Tajiri hulipa akaenda zake. Jela ile yamngoja maskini peke yake.

Twadai kifungo hicho kiondolewe katika sheria. Mpaka hapo, kila mdhamini asomewe hati kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi, na hakimu autumie uwezo aliopewa na kifungu hicho hicho cha 131 wa kumpunguzia mdhamini deni.

Nawe mwenzangu, ukiona uliyemdhamini anafunga mizigo, usingoje. Sheria yakuruhusu wakati wowote kwenda kwa hakimu kuomba uondolewe udhamini, naye ataamuru mtu yule akamatwe.

Tusaidiane, lakini tusitie sahihi gizani.

Umoja ni nguvu.

Mfanya Kazi wa Reli